Barafu Juu ya Bati: Somo la Paa Linalovuja Usiku

Nikisema leo tunajifunza kupambana na barafu juu ya paa, najua kuna mtu tayari ameshacheka. Barafu ya wapi, Shinyanga? Mkoa ambao nusu ya mwaka tunalalamikia vumbi na maji ya kununua kwa dumu? Basi acheke, akimaliza akumbuke Mwakata.

Usiku wa Jumanne tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe iliyoandamana na upepo mkali ilipiga kijiji cha Mwakata, wilaya ya Kahama. Zaidi ya watu 40 walikufa, na wengine wengi walijeruhiwa. Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, alifika kijijini kuwapa pole wafiwa. Nilikuwa shule ya msingi, Kahama mjini, na kwa wiki nzima hakukuwa na mazungumzo mengine mtaani.

Mtu wa mbali akisikia "mvua ya mawe iliua", anadhani barafu iliwapiga watu vichwani huko nje. Kwa wengi haikuwa hivyo. Walikuwa ndani, usiku, na nyumba za udongo ziliwaangukia. Barafu na upepo vilianza na paa, maji yakamalizia na ukuta. Mfuatano huo ndo somo lenyewe, na nimeona niuandike hapa kwa sababu mbili. Kwanza, tupo kwenye msimu wa mvua na wengi wetu tunaishi kwenye mageto ambayo hatujui yamejengwaje. Pili, kila mwaka kuna wenzetu wanakwenda fildi Geita, Kahama, Katoro, Nyarugusu, na kule watapanga chumba cha kwanza watakachokipata.

Kwa nini mawe yanatufikia

Tuanze na hali ya hewa, haraka tu. Hapa kwenye tropiki, usawa ambao hewa inafika nyuzi sifuri uko karibu kilomita 4.5 hadi 5 juu ya usawa wa bahari. Barafu inayotengenezwa kwenye wingu la radi ikianza kushuka chini ya hapo, inayeyuka njiani. Dar es Salaam iko pwani, kwa hiyo punje ya barafu ina safari ya karibu kilomita 5 kwenye hewa ya joto, na mara nyingi inafika ikiwa tone la maji. Shinyanga na Kahama ziko mita 1,100 hadi 1,200 juu ya bahari. Safari inapungua kwa zaidi ya kilomita moja, na punje kubwa zinawahi kufika zikiwa bado barafu. Kericho, Kenya, kwenye mashamba ya chai yaliyo karibu mita 2,000, wanaijua habari hii kuliko sisi, maana huko mvua ya mawe ni adui wa kawaida wa majani ya chai.

Kwa hiyo kwetu si jambo la kila wiki, ila si muujiza.

Ukuta wa barafu, wa Minnesota na wa Katoro

Wenzetu walioko Kanada na kaskazini mwa Marekani wana tatizo linalofanana na hili kuliko unavyodhani. Theluji inakaa juu ya paa. Joto la ndani ya nyumba linapanda, linapita kwenye dari, linayeyusha theluji kutoka chini yake. Maji yanateremka hadi kwenye ukingo wa paa, sehemu iliyotokeza nje ya ukuta, ambako hakuna joto la nyumba. Pale yanaganda tena. Siku ya pili yanaganda mengine juu yake, mpaka kunakuwa na kiukuta cha barafu ukingoni. Maji yanayofuata yanakosa pa kutokea, yanatuama nyuma ya kiukuta hicho, yanapanda kinyumenyume chini ya vigae na kuingia ndani. Paa halina tundu hata moja, ila linavuja.

Hiyo sentensi ya mwisho naomba uibebe. Paa limetengenezwa kumwaga maji, halikutengenezwa kuyahifadhi. Ukizuia njia ya kutokea, paa zima kabisa litavuja.

Sasa njoo huku kwetu. Miaka hii kila mwenye hela kidogo Kahama na Geita anajenga nyumba ya kuficha bati. Ukuta unapandishwa kuzunguka paa lote ili mtu aliye barabarani asione bati, na nyuma ya ukuta huo kuna gata la kupokea maji yote. Zinapendeza, sikatai. Lakini fanya hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua paa la mita za mraba 120 na mvua kali ya milimita 60 kwa saa, yaani milimita moja kila dakika. Hizo ni lita 120 kwa dakika, ndoo sita za lita 20 zinamwagwa kwenye gata lile kila dakika moja. Gata la urefu wa mita 10, upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 15 linabeba lita 450. Tundu la kutolea maji likiziba, limejaa kabla dakika nne hazijaisha.

Na mvua ya mawe inaziba. Punje zinaviringika chini ya bati, zinajikusanya gatani pamoja na majani na mifuko iliyopeperushwa, zinagandamana kwenye mdomo wa bomba. Tayari una kiukuta cha barafu cha Minnesota, kikiwa Katoro, mwezi Machi. Maji yanapanda, yanafika chini ya mwisho wa bati, yanaingia juu ya dari. Aliyeko ndani anaangalia juu anasema bati limetoboka. Kesho anamwita fundi aje kuziba tundu ambalo halipo.

Uzito nao si mdogo. Punje za barafu zikirundikana kina cha sentimita 10, kila mita ya mraba inabeba kama kilo 55. Kwenye kenchi nzuri si kitu. Kwenye kenchi ya mbao mbichi zilizopigwa msumari mmojammoja ili nyumba iwahi kupangishwa, mimi nisingelala chini yake.

Nyumba ya udongo ni habari nyingine

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wanapokufa. Ukuta wa tofali mbichi ukiwa mkavu una nguvu za kutosha kubeba paa la bati. Ukilowa, nguvu hizo zinaondoka, na unalowa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Juu, pale kenchi inapokalia, maji ya paa linalovuja yanapenya moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho wa tofali. Chini, barafu iliyorundikana nje inaziba mkondo wa maji, inayeyuka palepale, na msingi unakaa ndani ya dimbwi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambao maji hayapenyi upesi, dimbwi hilo halina pa kwenda.

Halafu upepo ukinyanyua paa, ukuta unapoteza kitu kilichokuwa kinaushika kwa juu. Unabaki umesimama peke yake, umelowa juu na chini, unasukumwa na upepo. Ukuta wa urefu wa mita 3, kimo cha mita 2.5 na unene wa sentimita 20 una uzito wa tani mbili na nusu hivi. Huo ndo unaomwangukia mtu aliyelala kitandani pembeni yake.

Kwa hiyo kama uko kwenye nyumba ya namna hiyo, sahau ndoo na sahau godoro lisilowe. Angalia ukuta. Chini pameanza kuwa peusi na kupanda? Plasta imevimba, ukigonga inalia kama debe tupu? Unasikia udongo unadondoka punjepunje? Mlango uliokuwa unafunguka vizuri umeanza kukwama kwenye fremu? Ishara moja tu kati ya hizo inatosha kuamsha watu wote na kuwahamisha. Nenda kwa jirani mwenye nyumba ya tofali za kuchoma au za saruji, au shuleni, au kanisani, msikitini, popote penye msingi wa mawe. Mawe bado yanapiga? Beba godoro au beseni kichwani. Usikimbilie chini ya mwembe, radi za Kanda ya Ziwa mnazijua.

Kama kweli huwezi kutoka, kaa kwenye kona ambako kuta mbili zinashikana. Katikati ya ukuta mrefu ndipo pabovu kuliko pote, na ule wa pembetatu unaopanda hadi kwenye kofia ya paa ni mbaya zaidi.

Nyumba ya saruji, saa sita usiku

Wengi wenu mtakuwa huku. Ukuta hauanguki, ila kuna umeme. Kwenye geto la mwanachuo ekstensheni iko sakafuni, imechomekewa simu mbili, pasi, na jiko la koili ambalo mwenye nyumba hajui kama lipo. Maji yakianza kutona karibu na taa au kutiririka ukutani penye soketi, zima swichi kubwa ya nyumba. Kama ili uifikie lazima ukanyage maji, usiifikie. Toka nje, mwamshe jirani, piga simu shirika la umeme. Giza la usiku mmoja tutalivumilia.

Baada ya hapo tazama dari. Silingi bodi au jipsamu ikianza kufanya tumbo, maana yake kuna maji yamekaa juu yake, na lita 20 ni kilo 20. Ukiliacha tumbo likue, ubao mzima utashuka na msumari wake. Sogeza kitanda, weka ndoo, simama pembeni (si chini yake), na kwa mti wa fagio uliofungwa msumari kwenye ncha toboa tundu dogo pale palipoinama zaidi. Maji yatatoka kwa utaratibu. Mwenye nyumba atagomba kuhusu tundu. Mweleze kwamba umemwokolea dari la chumba kizima.

Sauti ya kutona ikiwanyima usingizi, ning'iniza uzi kutoka kwenye tundu hadi ndani ya ndoo. Tone linatembea na uzi kimya kimya. Hii siyo uhandisi, nimefundishwa na mama yangu.

Kitu cha kutofanya ni kupanda juu. Fildi yangu niliifanya kwa mafundi wa paa Katoro, chini ya mzee mmoja ambaye sote tulimwita Babu. Siku moja mvua ilitukuta kwenye nyumba ya wapangaji, maji yanaingia vyumba vitatu, nami nikamwambia, "Babu, tupande tukazibe upesi." Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mjukuu wangu, bati likilowa halina rafiki. Kaa chini unywe chai, ila usikae bure. Ingia ndani uweke alama."

Alama ndo kazi ya maana wakati inanyesha. Maji yakiingia kwenye tundu la msumari hayadondoki palepale. Yanatambaa chini ya bati, yanafika kwenye papi, yanafuata mbao, na yanaweza kudondoka mita mbili au tatu kutoka yalipoingilia, siku zote upande wa chini wa mteremko. Kwa hiyo chukua mkaa au maka pen, zungushia kila sehemu inayotona, andika na saa. Piga picha. Pia andika yalianza lini kuhusiana na mvua. Yakianza mara tu mvua inapoanza, tafuta tundu au msumari. Yakianza dakika kadhaa baada ya mvua kukolea, na yakawa mengi kwa mara moja kwenye mstari mrefu kufuata ukuta, fikiria gata. Yakitona asubuhi ya baridi mwezi Juni bila mvua yoyote, hilo ni jasho la bati, ongeza hewa ya kupita juu ya dari.

Mawe yakikatika na radi ikipita, kwa nyumba ya kuficha bati kuna jambo moja la kufanya usiku huohuo, kama tu gata linafikika kwa ngazi imara na kuna mtu wa kuishika. Fungua mdomo wa bomba. Chota barafu kwa kopo la plastiki au kwa mkono wenye glovu, hata sehemu ndogo tu, maji yapate njia. Usivunje kwa nyundo wala sururu, utatoboa gata. Kule kwenye theluji wanajaza kloridi ya kalsiamu kwenye soksi ndefu na kuilaza kukatisha kile kiukuta ili iyeyushe mfereji mmoja wa maji kupita. Huku huhitaji, barafu yetu haichukui muda kuyeyuka. Hatari yetu iko kwenye ile saa ya kwanza.

Kukikucha

Bati likikauka, ndipo unapotafuta tundu. Anza kwa macho, saa sita mchana, ukiwa ndani juu ya dari na mlango wa dari umefungwa. Tundu lolote litajionyesha kama nyota. Usipoona kitu, mmoja apande na mpira wa maji, mwingine abaki ndani na tochi. Mwagilia kuanzia chini kupanda juu, sehemu moja kwa dakika kumi kabla ya kusogea. Ukianzia juu maji yatateremka kote na hutajua yameingilia wapi.

Mara nyingi utakuta ni msumari. Mafundi wa haraka wanapigilia kwenye bonde la bati, pale maji yanapopita, kwa sababu ndipo bati linapogusa mbao na ni rahisi kugonga. Msumari wa bati unapigwa mgongoni. Uliolegea usiugongee tena, ng'oa, weka skrubu nene kidogo yenye washa ya mpira. Washa zikikosekana, Babu alikuwa anakata vipande vya tyubu ya baiskeli, na nimeona vilivyodumu miaka. Tundu dogo la bati linazibika kwa kitambaa na lami, ila kwanza sugua kutu mpaka bati liwe safi. Lami juu ya kutu inabanduka nayo.

Ukilazimika kufunika kwa turubai kusubiri fundi, ukingo wake wa juu lazima uvuke kofia ya paa na kushuka upande wa pili. Turubai linaloishia katikati ya mteremko linapokea maji ya juu na kuyaingiza chini yake, afadhali usingeweka. Lifunge kwa kamba hadi kwenye kenchi, au ning'iniza viroba vya mchanga pande zote mbili. Mawe juu ya bati nimeyaona kila kijiji, na siyapendi, kwa kuwa upepo ukinyanyua bati yanakuwa mvua ya mawe ya pili.

Majengo ya zamani, ya shule na hata ya vyuo, mengine yana paa la asbesto, zile karatasi nzito za kijivu. Hizo usipande, usitoboe, usikate. Zinavunjika ghafla chini ya mguu, na vumbi lake linaharibu mapafu miaka mingi baadaye. Toa taarifa, waje wenye vifaa.

Ukinunua bati, kumbuka namba ya geji inakwenda kinyume. Geji 28 ni nene, karibu milimita 0.4. Geji 30 ni kama 0.3. Dukani watakwambia zote sawa tu.

Mwisho kuna mwenye nyumba. Nilipopanga Geita kwa miezi miwili, nyumba ilikuwa ya kuficha bati na bomba moja tu la kutolea maji kwa gata zima. Nilimwendea mama mwenye nyumba na zile picha zenye saa, na nikamwomba kitu kimoja, tena si paa jipya. Nilimwomba fundi atoboe matundu mawili kwenye ule ukuta wa kuficha, sentimita chache chini ya usawa wa mwisho wa bati, na kuchomeka vipande vya bomba vinavyotokeza nje. Bomba la chini likiziba, maji yatatokea pale kabla hayajafika ndani, na yeye mwenyewe akiona maji yanamwagika mbele ya nyumba atajua gata limeziba. Alikataa siku mbili kwa sababu yangeharibu sura ya nyumba. Siku ya tatu ilinyesha, mimi nikiwa kazini. Niliporudi jioni nikamkuta fundi yuko juu na drili, na mama yuko chini anamwelekeza, "Shusha kidogo baba, yule mwanachuo kasema chini ya bati."